Usinitumie picha, nitumie linki

Leo nitagusa jambo ambalo baadhi yenu mtasema, "bwana shamba kaingia maabara." Subirini kidogo, linahusu mfuko wenu.

Kijana mmoja wa upande wa Donge alinijia juzi kavunjika moyo. Alipanda muhogo ekari moja na nusu akilenga Ramadhani, maana sote tunaijua bei ya muhogo Darajani na Mwanakwerekwe mwezi ule unapoingia. Mbegu alinunua mtandaoni. Muuzaji alimtumia picha kwa WhatsApp: mistari ya rangi, namba ndogondogo, mshale mwekundu, na maneno "jeni ya kinga hii hapa." Shamba zima halikuwa na jani lililojikunja. Siku ya kuchimba, akikata muhogo, ndani kuna madoa ya kahawia makavu kama gome. Zaidi ya nusu ya mzigo haukufaa hata kwa chipsi.

Aliponionyesha ile picha nilimwambia, "Mwanangu, huenda mshale huu unasema kweli. Lakini unasema kweli ya ugonjwa mwengine."

Muhogo wetu una maadui wawili wakubwa. Batobato unaiona kwenye majani, yanajikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia inaweza kukaa kimya shambani ukaja kuijua ndani ya muhogo wenyewe. Huu si ugonjwa wa jana. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, kule Tanga. Yote miwili inabebwa na inzi weupe na inasafiri ndani ya vijiti tunavyopeana. Ile sehemu ya jenomu maarufu kwa kinga, wanayoiita CMD2, ni ya batobato tu. Kwa michirizi haikusaidii kitu.

Sasa, picha ya skrini haiulizwi swali. Huwezi kuivuta pembeni ukaona jirani yake nani, huwezi kujua ni kromosomu gani, wala jenomu ya toleo lipi. Linki unaweza. Ndiyo maana nasema: anayekuuzia mbegu kwa hoja ya DNA akupe linki inayofungua pale pale anaposema, na asipoweza, pesa yako ibaki mfukoni.

Na wala si kazi ngumu. Jenomu ya muhogo iko wazi mtandaoni, kromosomu 18, katika vionyeshi kama Ensembl Plants na Cassavabase. Kila unachokiona pale kina anwani, na anwani hiyo unaweza kuiandika kwa mkono. Chukua alama ya maabara inayotumika sana kupimia CMD2, inaitwa S12_7926132. Jina lenyewe ndilo ramani: kromosomu ya 12, herufi ya 7,926,132. Kwa Ensembl Plants unaandika hivi:

plants.ensembl.org/Manihot_esculenta/Location/View?r=12:7900000-7950000

Baada ya r= ni kromosomu, nukta mbili za kusimama, mwanzo, kistari, mwisho. Koma usiweke, wala nafasi. Ukiacha nafasi WhatsApp inaikata linki katikati na mwenzako atafungua kitu chengine kabisa. Ukitaka kuona eneo pana zaidi, badilisha namba mbili za mwisho, basi.

Vionyeshi vya aina ya JBrowse, kama kile cha Cassavabase, vina utamu wao. Pale unaandika loc= kwa mahali, na kati ya mwanzo na mwisho ni nukta mbili za kufuatana badala ya kistari. Kisha unaunga kwa alama ya & na kuongeza tracks=, unataja matabaka unayotaka yafunguke. Hapa ndipo penye faida. Mtu akibonyeza hakutani na ukurasa mtupu, anakuta jeni na alama ulizozichagua tayari zimepangwa mbele yake. Kuna na highlight= ya kupaka rangi kipande unachokizungumzia; kazi ya ule mshale mwekundu, ila huu unafuata namba, haufuati mkono wa muuzaji.

Toleo je? Hapa wengi wanateleza, na mimi niliteleza. Namba ile ya alama ni ya toleo la 6 la jenomu ya muhogo. Jenomu ikipangwa upya, namba zinasogea, na linki yako itakupeleka nyumba ya jirani. Mara ya kwanza nilikaa nusu saa natafuta jeni ambayo haikuwepo pale, nikalaumu mtandao bure. Kwa hiyo soma jina la toleo kwenye ukurasa, na uliandike pembeni ya linki kila unapoituma. Kwenye JBrowse toleo mara nyingi limo ndani ya linki yenyewe, baada ya data=; usilikate ukidhani ni takataka.

Wapo wenzangu wa kazi wanaosema mkulima hana haja na haya, ampe bwana shamba imani yake imetosha. Sikubaliani nao. Kijana anayekopa pesa kupanda ekari moja na nusu anauziwa maneno ya sayansi, basi apewe na njia ya kuyachungulia.

Lakini nisije nami nikawa muuzaji wa picha. Linki inakuonyesha jeni ilipo katika muhogo wa mfano, na huo mfano, AM560-2, asili yake ni Colombia, ambako batobato hata haipo. Haikuonyeshi kilichomo kwenye kijiti ulichoshika. Kwa hivyo baada ya linki muulize muuzaji swali la pili: mimea mama ya mbegu hizi imepimwa alama hiyo, na imepimwa virusi, vyote viwili? Karatasi ya majibu iko wapi?

Yule kijana nimemshauri msimu ujao aanze Kizimbani kwa watafiti wetu. Mbegu nne zilizotolewa hapa Zanzibar mwaka 2007, Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, zilichaguliwa kwa kuivumilia michirizi, ingawa kuvumilia si kutougua, na kijiti kikizungushwa shamba kwa shamba miaka mingi nacho hubeba mambo. Mabaki ya shamba lake tumeyang'oa na kuyachoma. Jana usiku kanitumia linki, kaitengeneza mwenyewe, kromosomu ya 12, na toleo kaliandika pembeni. Alisahau nafasi moja katikati, ikanifungulia ukurasa mtupu. Nimemrudishia airekebishe.