Mchoraji Alipwe Kwanza
JICHO LA ZIWA, na Akinyi Odero

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenye mnada wa picha mjini Homa Bay nimekasirika, na hadi leo hasira haijashuka. Mnada uliitishwa kuchanga pesa za kuokoa meli kuukuu za mvuke za Ziwa Victoria. Nia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini walichomtendea waandaaji mchoraji mmoja ni dhuluma.

Kijana mwenyewe ametoka Sori, Migori, ambako riziki yake ni kupaka rangi mashua za wavuvi na kuandika majina ubavuni. Alileta picha ya meli Rusinga ikiwa gatini: bomba linafuka moshi, makuli wanapakia marobota ya pamba, akina mama wenye vikapu vya samaki wamejibanza kivulini. Mzee aliyeketi kando yangu alisimama akavua kofia. Alinionyesha pale abiria wa nauli ya chini walipokuwa wakilala na kuku wao.  

Bei ikapanda, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, mnunuzi akapigwa picha pamoja na mwenyekiti wa waandaaji. Nikamuuliza mwekahazina mgao wa kijana ni kiasi gani.

"Dada Akinyi, huyu ni mtoto wetu. Amejitolea."

Nikamfuata kijana nje. "Mama, hakuna aliyeniuliza," akasema. "Hata nauli ya kuja nilikopa."

Mwenye hema alilipwa. Mwenye vipaza sauti alilipwa. Waliopika mbuta walilipwa, tena walidai malipo kabla ya kuwasha moto, na hakuna aliyewahubiria uzalendo. Uzalendo ulikuwa wa mtu mmoja tu, aliyenunua rangi kwa deni. Sababu ni kwamba bado tunaiona kazi ya brashi kuwa mchezo wa mtoto aliyeshindwa na hesabu.

Na hizo meli zenyewe si vyuma vya kuchezea. Rusinga na pacha wake Usoga ziliundwa 1913 na kampuni ya Bow, McLachlan kule Paisley, Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikavuka bahari hadi Mombasa, zikapanda reli hadi Kisumu na kuunganishwa upya. Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Kisii kupitia Karungu, meli Winifred na Kavirondo ndizo zilizotumwa Karungu. Karungu hiyo ni mwendo mfupi tu kutoka alikozaliwa kijana wetu. Nilipomuuliza kama shuleni walifundishwa habari hizo, alitikisa kichwa. Alichokichora amekipata kwa babu yake.

Watanzania wana meli yao, Liemba, kule Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 isitekwe, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilihangaika miaka mingi na SS United States, iliyovunja rekodi ya kuvuka Atlantiki 1952. Mwishowe kaunti moja ya Florida ikainunua ili iizamishe iwe makazi ya samaki. Pesa za kutunza meli ni ngumu kupatikana popote, na ndiyo maana nasema asiyemlipa mchoraji anakata tawi alilokalia. Mwaka ujao nani atawachorea?

Wala kuchora si mchezo wa mtoto: katika kisiwa cha Mfangano kuna michoro ya kale kwenye miamba, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuitazama. Huku kwetu kazi ya mikono ina wenyewe tangu zamani, na fundi wa mashua hachongi ubao wa pili kabla hajalipwa wa kwanza.

Mwenyekiti, najua unaisoma safu hii. Picha imeshaondoka na pesa ziko benki. Nusu ya bei ile mpelekee kijana Sori, na gharama ya rangi juu yake, kabla hujaitisha kikao kingine. Ijumaa nitampigia simu kumuuliza, na jibu lake nitalichapisha hapa.