Nauli ya Kurudi: Wajibu Wetu kwa Mtoto Mwenye Maji Kichwani





Katika parokia tuliyoihudumia zamani, Jumuiya Ndogo Ndogo zilichanga fedha ili mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa kujaa maji kichwani, ambao wengi huuita ugonjwa wa kichwa kikubwa, apelekwe mjini kupasuliwa. Mtoto alirudi salama. Mama yake alimleta kanisani, akatoa jogoo kwa shukrani, nasi tukaimba kwa furaha. Mwaka uliofuata mtoto alianza kutapika na kulala mchana kutwa. Mama akabisha mlangoni petu kuomba nauli. Tukamwambia angoje sadaka ya Jumapili, kwa maana tulidhani ni homa ya kawaida, tena parokia ilikwisha kumchangia. Akangoja. Siku ya Alhamisi tulimzika mtoto yule.

Tunaliungama jambo hili mbele yenu kwa sababu kosa letu halikuwa kukosa huruma, bali kudhani ya kuwa huruma ni kazi ya siku moja.

Hatuna budi kuuelewa ugonjwa wenyewe. Ndani ya kichwa hutengenezwa maji safi kila siku. Huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na kurudi katika damu. Njia yake ikizibwa, iwe kwa kasoro ya kuzaliwa kama mgongo wazi, au kwa maambukizi ya siku za kwanza za uhai, au kwa damu kuvuja kichwani, maji hujikusanya na kuukandamiza ubongo. Kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijaungana, kichwa hupanuka, utosi huvimba, na macho huelekea chini kama jua linalotua. Hapa hakuna uchawi wala laana. Bwana wetu alipoulizwa ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, alikana kuwa ni ya mtu yule au ya wazazi wake. Basi ni nani aliyetupa sisi ruhusa ya kumhukumu mama?

Tiba iliyoenea ni kuwekewa mrija, ambao madaktari huuita shanti. Mrija huo mwembamba wenye vali hupita chini ya ngozi, kutoka ndani ya ubongo, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi tumboni, ambako mwili huyanyonya maji. Mojawapo ya vali za kwanza zilizofaa ilibuniwa huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1956, na fundi mitambo John Holter akishirikiana na daktari Eugene Spitz. Holter alikuwa na mwana, Casey, mwenye ugonjwa huo huo. Akina baba wanaowakimbia wake zao kwa ajili ya mtoto wa namna hii na wamtazame fundi yule.

Lakini mrija si tiba ya mara moja. Huweza kuziba, kukatika, au kuingiwa na vijidudu. Hata katika nchi tajiri, mirija mingi ya watoto hushindwa kufanya kazi ndani ya miaka miwili. Basi mtoto mwenye mrija akitapika, akiwa na homa, akilia bila kutulia, akipatwa na degedege au akilala usingizi usio wa kawaida, ni lazima afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, Uganda, alitambua kuwa mtoto wa kijijini ambaye mrija wake umeziba huweza kufa kabla ya kupata msaada. Aliendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo, na kuchoma sehemu zinazoyatengeneza, bila kuacha mrija mwilini. Utafiti uliofanyika huko kwa watoto wachanga 100, ukatolewa mwaka 2017, haukuona tofauti kubwa ya maendeleo ya akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo, njia hiyo haimfai kila mtoto, nayo pia huweza kufungika. Kwa vyovyote vile mtoto huhitaji watu wa kumwangalia.

Katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, Papa Yohane XXIII aliyataja matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Kwa miaka mingi sera ya Tanzania imetamka ya kuwa watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi katika vituo vya serikali. Lakini sera hailipi nauli ya basi, wala hailishi familia iliyoachwa nyumbani wakati mama yuko Muhimbili au Bugando. Haki ambayo maskini hawezi kuifikia ni haki ya karatasi tu.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, kila Jumuiya iwafahamu watoto wake wenye mrija na kuzifahamu dalili za hatari. Pili, Kamati ya Haki na Amani itunze mfuko mdogo wa nauli, ambao mweka hazina aweza kuutoa hata usiku wa manane, bila kungoja kikao wala Jumapili. Tatu, mtoto ambaye kichwa chake chakua upesi apelekwe mara moja, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Nne, katika mafundisho ya ndoa wachumba waelezwe kuwa vidonge vya foliki, vikianza kutumika kabla ya mimba, hupunguza hatari ya mgongo wazi.

Msamaria mwema hakuishia kuyafunga majeraha. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kurudi na kulipa kilichozidi. Sisi tulifunga jeraha, lakini hatukurudi. Mama mwingine atakapobisha, asituambie tena mtu kwamba parokia ilikwisha kumchangia.

Amani ya Kristo ikae nanyi.