Mtoto wa Ziwa Asiyejua Kuogelea

Msomaji kijana, wako watu wasemao kuwa safari ya wanafunzi kwenda kisiwani ni upuuzi: fedha hupotea, masomo hukatizwa, na ziwa ni mla watu. Maneno haya husemwa sana katika Migori na Homa Bay, nami nayapinga.

Tazama ramani. Toka Muhuru hadi Kendu Bay, watu huvua, husafiri na huuza kando ya Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,000 hivi. Jirani na Rusinga na Mfangano kipo kisiwa kidogo cha Takawiri, chenye ufuko wa mchanga mweupe. Wageni hutoka mbali kukijia. Wewe unayeliona ziwa kila asubuhi unakatazwa. Je, hiyo ni haki?

Wakatazao hujibu kuwa wanakulinda. Lakini amkatazaye mtoto maji hamwondolei maji, humwondolea maarifa ya maji. Kesho mtoto huyo atapanda mashua kwenda sokoni au mazishini, na hapo marufuku haitamwelesha.

Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa hili hili, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, Tanzania. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kivuko kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Sidai kuwa kuogelea kungaliwaokoa wote. Nadai kuwa ukaribu wa nchi kavu si kinga, na kwamba kijana aliyefunzwa mambo ya maji huijua hatari ya chombo kilichozidiwa, akathubutu kukataa kukipanda.

Basi safari ninayoitetea si ya kula na kucheza ngoma mchangani. Ni ya kujifunza kuogelea mbele ya mwalimu ajuaye, kuvaa jaketi la kuokolea maisha, kupiga makasia, kusoma upepo na mawingu, kupiga hema, na kupanda Mfangano kuona michoro ya kale miambani. Hayo nayo ni masomo.

Wala sifichi kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, hasa penye maji yaliyotulia na majani mengi, vikapenya ngozi ya binadamu. Kwa hiyo mahali pa kuogelea pachaguliwe kwa shauri la maafisa wa afya, na wanafunzi wapimwe baadaye. Ugonjwa huu una dawa. Ujinga dawa yake ni mafunzo tu.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Waombe wakubwa wako, kwa adabu lakini bila kuchoka, wakufikishe kwenye maji hayo mkiwa pamoja, mchana, na majaketi yamefungwa. Usingoje kufikishwa na ajali.