Mbwa mzee anapougua kila mara, mzazi aanzie wapi?

Ni asubuhi ya Julai huko Moshono, jijini Arusha. Ukungu bado umekaa kwenye migomba na Mlima Meru hauonekani. Mtoto wa darasa la tatu, sare ya shule tayari mwilini, amechuchumaa mbele ya banda akiwa na bakuli la ugali na dagaa. Mbwa wa nyumbani, aliyepewa jina la Simba kabla mtoto huyo hajazaliwa, ananusa chakula, kisha analaza tena kichwa chake juu ya miguu.

"Mama, Simba anaumwa tena."

"Huo ni uzee tu, mwanangu. Twende, utachelewa shule."

Ni mara ya tatu tangu masika. Mara ya kwanza alichomwa sindano, kesho yake akaamka. Mara ya pili alipewa vidonge vilivyobaki, akapata nafuu. Sasa baba anaona mbwa wa miaka 11 si wa kumaliza fedha za nyumba, afadhali atafutwe mtoto wa mbwa mwingine. Mama yuko katikati. Mtoto naye hamalizi chakula chake cha jioni.

Mazungumzo ya aina hii husikika katika nyumba nyingi, kuanzia Sakina na Ngaramtoni hadi Tengeru na Usa River. Mbwa aliletwa kwa ajili ya ulinzi, lakini kwa watoto amekuwa ndugu. Anapozeeka na kuanza kuugua mara kwa mara, wazazi hujikuta na maswali mawili: atibiwe hadi lini, na je, ugonjwa wake ni hatari kwa watoto?

Uzee si ugonjwa

Mbwa mwenye umri mkubwa hulala zaidi, hutembea polepole na huota mvi mdomoni. Hayo ni ya kawaida. Lakini homa, kukataa chakula, kukonda, kutokwa damu puani au fizi kuwa nyeupe si uzee. Hizo ni dalili za ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa unaorudi ni ule ule wa mwanzo ambao haukumalizwa.

Kwa mbwa wa Arusha, jambo la kwanza la kuchunguza ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza bakteria wanaoingia kwenye chembe nyeupe za damu na kusababisha ugonjwa unaoitwa erlikiosisi, ambao wengi huuita homa ya kupe. Mbwa hupata homa, hulegea na kukosa hamu ya kula. Baada ya wiki chache anaweza kuonekana amepona, kumbe wadudu bado wamo mwilini. Miezi mingi baadaye, hata miaka, ugonjwa huibuka tena ukiwa mkali zaidi: mbwa hukonda, hupungukiwa damu, na jeraha dogo tu huvuja damu kwa muda mrefu.

Ugonjwa mwingine wa kupe ni babesia, ambao hushambulia chembe nyekundu za damu na unaweza kufanya mkojo uwe mweusi kama chai ya rangi. Dalili zake za mwanzo hufanana sana na za erlikiosisi, lakini dawa zake ni tofauti. Ndiyo maana sindano ya kubahatisha humwamsha mbwa leo na kumwacha alale tena mwezi ujao. Damu ikitazamwa kwa darubini, daktari wa mifugo huanza kujua anapambana na nini.

Dozi inayokatishwa

Erlikiosisi hutibiwa kwa dawa ya doksisaiklini, na kwa kawaida dozi huchukua takribani siku 28. Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea. Mbwa huanza kula siku ya tatu au ya nne, familia hufurahi, na vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini "kwa ajili ya siku nyingine". Siku hiyo nyingine ikifika, hupewa vichache vilivyosalia. Kwa hiyo mbwa hutibiwa mara tatu bila kutibiwa hata mara moja.

Kwa baba anayehesabu gharama, hesabu iko hapa. Kipimo kimoja na dozi moja iliyokamilika huumiza mfuko mara moja. Nusu dozi tatu na sindano za haraka huumiza kila baada ya miezi miwili, na mbwa bado ni mgonjwa.

Kiasi cha dawa hupangwa na daktari kulingana na uzito wa mbwa, kwa hiyo ni muhimu apimwe uzito kila anapotibiwa. Mbwa aliyekonda hahitaji kiasi kile kile cha mwaka juzi.

Kupe yuko ukutani pia

Sababu ya pili ya ugonjwa kurudi ni makazi ya kupe. Kupe huyu hakai kwa mbwa maisha yake yote. Katika kila hatua ya ukuaji wake hunyonya damu, hushiba, huanguka na kujificha. Sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha kwenye nyufa za ukuta, chini ya mbao za banda, kwenye magunia ya kulalia na hata pembeni mwa dirisha la nyumba. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa hizo.

Kumwogesha mbwa peke yake, basi, ni sawa na kufagia sebule huku mlango wa vumbi uko wazi. Banda litolewe matandiko, yachomwe au yafuliwe kwa maji ya moto. Nyufa zizibwe kwa saruji au udongo, na banda lipuliziwe dawa ya kupe kwa maelekezo ya mtaalamu, mbwa na watoto wakiwa mbali hadi pakauke. Kazi hiyo irudiwe baada ya wiki chache, kwa kuwa mayai yaliyokuwa kwenye nyufa yatakuwa yameanguliwa.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagwe kwa mbwa kwa kukisia, kwani ikiwa kali humpa sumu, na mbwa mzee huelemewa haraka. Kupe wasiminywe kwa vidole. Watolewe kwa kibano, mikono inawe kwa sabuni, na kazi hiyo isiachiwe watoto, kwa sababu kupe wa mbwa wanaweza kumwambukiza binadamu homa pia.

Baridi, viungo na maji

Arusha iko juu, takribani mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti huwaumiza mbwa wazee wenye maumivu ya viungo. Sakafu ya saruji huongeza tatizo. Ubao ulioinuliwa kidogo kutoka chini, gunia kavu juu yake na kizuizi cha upepo unaoshuka mlimani hufanya kazi kubwa bila gharama kubwa.

Akiendelea kuchechemea, asipewe vidonge vya maumivu vya watu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hukosekana katika nyumba chache, zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Nyumba yenye paka ijue kwamba kidonge kimoja cha paracetamoli kinaweza kumuua paka. Ziko dawa za maumivu za mbwa, na daktari wa mifugo ndiye anayezitoa.

Maji nayo yanahitaji neno lake. Wakazi wa miteremko ya Meru wanaijua floridi kwa rangi ya kahawia iliyoacha kwenye meno ya watu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya eneo hilo huvuka kiwango hicho. Floridi ikizidi hujikusanya kwenye mifupa na meno ya wanyama kama inavyofanya kwa binadamu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Familia inayokinga maji ya mvua kwa ajili ya watoto haitapoteza kitu ikimjazia na mbwa bakuli lake.

Mbwa mzee akianza kunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa mara nyingi, asinyimwe maji ili "asilowanishe banda". Hiyo inaweza kuwa dalili ya figo kuchoka au ya kisukari. Kwa jike ambaye hakufungwa kizazi, hasa wiki chache baada ya joto, inaweza kuwa usaha kwenye mfuko wa uzazi. Huo ni ugonjwa wa dharura na hausubiri Jumatatu.

Kwa chakula, mbwa mwenye meno mabovu apewe ugali laini uliochanganywa na dagaa waliosagwa au nyama iliyoiva, kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali na inaweza kumtoboa utumbo. Maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni yasitupwe kwake, hasa yenye malengelenge, kwa kuwa humpa minyoo ya tegu ambayo mayai yake yakiingia kwa mtoto hujenga uvimbe kwenye ini au mapafu.

Jambo ambalo halisubiri

Kuna kosa moja ambalo gharama yake haihesabiki kwa shilingi. Wazazi wengine huacha kumpeleka mbwa mzee kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kuwa "hatoki tena nje". Lakini mbwa mwingine anaweza kuingia uani usiku mmoja tu, na hilo linatosha.

Kichaa cha mbwa huenezwa kwa mate, kupitia kuumwa, kukwaruzwa au kulambwa penye kidonda. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufariki dunia. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka duniani, na takribani asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka 15.

Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma watu. Wengine hupooza kimyakimya: taya hulegea, udenda hutiririka, hawawezi kumeza. Mbele ya familia inayojua Simba ni mgonjwa siku zote, hali hiyo huonekana kama mfupa uliokwama kooni. Mtoto mwenye huruma huingiza mkono mdomoni amsaidie. Watoto waelezwe mapema kwamba mbwa anayetokwa udenda au aliyebadilika ghafla haguswi hata kidogo. Anaachwa peke yake, mlango wa banda unafungwa, na mtu mzima anamwita daktari wa mifugo.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshwe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Asisubiriwe mbwa afe kwanza ndipo familia iamini. Mbwa naye achanjwe kila mwaka, awe na miaka miwili au 12. Akiwa na homa siku ya chanjo, daktari anaweza kuisogeza mbele, lakini si kuifuta.

Daftari la Simba

Kitu kinachosaidia kuliko vyote ni daftari la shule la kurasa chache. Ndani yake ziandikwe tarehe alizougua, dalili, dawa na idadi ya siku, uzito, chanjo, na siku banda liliposafishwa. Daktari akifungua daftari hilo huona ndani ya dakika tano kama homa hufuata mvua, au kama hakuna dozi hata moja iliyofika mwisho.

Mzazi ndiye ampe mbwa kidonge, kikiwa ndani ya chakula. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kupewa kazi ya kuweka alama ya vema kila siku hadi zitimie 28. Atakuwa na la kufanya badala ya kukaa na hofu.

Siku ikifika

Yapo magonjwa yasiyopona. Mbwa asiyeweza kusimama, aliyeacha kula, na ambaye maumivu yake hayatulizwi na dawa, anaweza kupumzishwa na daktari wa mifugo kwa sindano. Asipewe sumu, wala asitupwe kando ya Mto Themi au kuachwa barabarani "ajitafutie". Watoto huyajua mambo haya, hata yakifanywa wakiwa shule. Azikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima.

Mtoto asiambiwe Simba "amelala" au "amesafiri". Anayeambiwa amelala anaweza kuogopa kitanda chake mwenyewe, na anayeambiwa amesafiri atakaa getini akimsubiri. Neno la kweli, likisemwa kwa upole, humtosha: Simba amekufa, alikuwa mgonjwa sana, tulimtunza. Aruhusiwe kulia, na akitaka kuweka ua juu ya kaburi, aachwe aliweke.

Lakini kwa mbwa wa Moshono na wengine kama yeye, siku hiyo huenda bado iko mbali. Kabla ya kusema ni uzee, damu ipimwe, dozi imalizwe na nyufa za banda zizibwe. Hapo mama atakuwa na jibu la kweli asubuhi mtoto atakapouliza tena.