TULIOZALIWA WADOGO SANA



Nataka kusema na wenzangu, hasa wale wanaosema, "Nina nguvu, daktari wa nini?"

Mimi nilizaliwa kabla ya siku zangu, uzito wangu kilo moja na robo. Mama alinifunga kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi, na majirani wakamwambia asifanye haraka kunipa jina. Leo nabeba mataruma ya reli pamoja na wenzangu, nikadhani habari ile imekwisha zamani. Basi mwaka jana nilikwenda kung'oa jino. Mwuguzi akanipima presha, akaniambia niketi nusu saa, akapima tena. Ilikuwa juu sana. Nina miaka 34, wala sivuti sigara. Akaniuliza, "Ulizaliwa na uzito gani?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndugu zangu, jambo hili si uganga. Huko Hertfordshire, Uingereza, tangu 1911 wauguzi waliandika katika vitabu uzito wa watoto wachanga. Daktari David Barker na wenzake wakafuata habari za wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, na mwaka 1989 wakatangaza kwamba wale waliokuwa wepesi sana utotoni ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Tena figo zina vichujio vidogo vidogo, na vingi hufanyika katika miezi mitatu ya mwisho tumboni. Anayezaliwa mapema huanza maisha na vichujio vichache, navyo hufanya kazi ya wengi, kama genge la watu sita lililopewa njia ya watu kumi. Mapafu nayo huweza kuwa na upungufu. Na aliyezaliwa mdogo kisha akanenepa sana ukubwani, hatari ya kisukari humzidi.

Sisemi kila mmoja wetu ataugua. Wengi ni wazima kabisa. Lakini presha haina maumivu, na asiyepimwa hajui.

Wengine watasema: tukitaja uzito wetu wa kuzaliwa, mwajiri atapata sababu ya kutufukuza. Neno hilo nalikubali nusu. Kwa hiyo habari hii ibaki kwa mfanya kazi na daktari wake, isiingie katika faili ya ofisi. Lakini kupimwa presha kila mwaka, kwa saa za kazi na bila kukatwa mshahara, hilo tulidai.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Malaria, njaa na upungufu wa damu kwa mama mjamzito huweza kumzaa mtoto mdogo, na kazi nzito inaongeza hatari. Sheria ya Kazi ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Vema, lakini akina mama wengi huitunza likizo hiyo mpaka karibu na kujifungua. Je, miezi iliyotangulia, akiwa anasimama kutwa na kuinua mizigo? Mkataba wetu uandike kazi nyepesi tangu mwezi wa sita, mshahara usipungue. Nitalileta neno hili katika mkutano wa tawi.

Kabla ya siku hiyo, kila mtu amwulize mama yake. Kadi yangu ilikuwa ndani ya Biblia ya mama, imeliwa na mende pembeni, lakini uzito unasomeka.

Mfanya kazi wa njia ya reli