Shanga zao shingoni, wenyewe hatuwataki

Wadau, hili limenikaa rohoni. Hapa Ifakara siku hizi send-off haikosi dada mwenye ule mkufu mpana wa shanga wa Kimasai, umefunika shingo mpaka mabegani. Unapendeza, sibishi! Ukiuvaa na gauni jeusi lisilo na nakshi, unawaka. Mchana na fulana nyeupe na jinzi, poa tu, ilimradi hereni zibaki nyumbani. Ila juu ya kitenge cha maua makubwa, hapana jamani.

Ninachobisha ni hiki: dada huyo huyo, mkufu shingoni, utamsikia akisema wafugaji ni washamba, wafukuzwe wote. Mwaka 2012 wafugaji, Wamasai wakiwemo, waliondolewa kwa operesheni katika Bonde la Kilombero, ambalo ni ardhi oevu ya Ramsar tangu 2002. Mpaka leo wapo wanaoshangilia. Ng'ombe kuingia kwenye mpunga ni ugomvi wa kweli, na wakulima wameumia, sikatai. Basi tujadili ng'ombe na malisho. Matusi ya nini, wakati kazi ya mikono yao umeivaa?

Eti "huo ni urembo wa Kiafrika tu, hauna mwenyewe". Shanga zenyewe nyingi hutoka Jamhuri ya Cheki! Uafrika wake ni vidole vya mama aliyezitunga. Na mama huyo ukimkuta sokoni unataka akupunguzie nusu ya bei, wakati saluni ulilipa bila kuguna. Mlipe alichotaja.