Mto Hauponi kwa Kumwagiwa Samaki

Katika mkutano mmoja uliofanyika karibu na kwetu, chini ya milima ya Aberdare, bwana mmoja mwenye suti safi alisimama akatutangazia kwamba dawa ya mto wetu imepatikana. Wageni wanaokuja kuvua trauti, alisema, wanalalamika kuwa samaki wamepungua. Basi waletwe samaki wakubwa kutoka mabwawani, wamwagwe mtoni, wageni wavue, walipe, na kijiji kineemeke. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilinyosha mkono nikauliza maji nayo yamepungua kwa nini. Nikajibiwa, "Mwalimu, leo tunazungumza habari za samaki, si za maji."

Jibu hilo limenikaa kooni kama mwiba, na kurasa hizi ni jaribio langu la kuutoa.

Nianze kwa kukiri lililo wazi, asije mtu akanikumbusha. Trauti si mwenyeji wetu. Aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyevuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo. Asili yake ilikuwa ziwa la Loch Leven huko Uskoti, na mto wa kwanza kumpokea ulikuwa Gura. Baadaye akasambazwa katika mito mingine ya Aberdare na ya Mlima Kenya, na mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kutotolea vifaranga vyake pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Haya yote yalifanywa kwa ajili ya starehe ya walowezi. Mzungu aliingia mtoni na kibali chake mfukoni. Babu zetu waliingia na kikapu cha Mzungu begani.

Mmoja wa wabeba vikapu hao ndiye aliyenifundisha. Nilimwita Guka, ingawa hakuwa babu yangu wa damu. Ujana wake aliumaliza akiwafuata wavuvi wa watu, akiangalia bila kuulizwa neno, na uzeeni alijua mto kuliko wote aliowabebea. Alinionyesha jinsi ya kufunga uzi na unyoya wa jogoo kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu wa majini. Alinifundisha kwamba katika uvuvi huu kitu chenye uzito ni mshipi wenyewe, kwa kuwa yule nzi bandia ni mwepesi kama pumzi. Ufito huupeleka mshipi nyuma, ukangoja ujinyooshe, kisha ukaurudisha mbele. Asiyejua kungoja huvua matawi ya miti.

Zaidi ya hayo alinifundisha kutembea. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mahali maji yanakotoka, akingoja chakula kiletwe na mkondo. Kwa hiyo mvuvi humwendea kutoka nyuma, akipanda na kijito, ameinama, hatua kwa hatua, kivuli chake kisitangulie. Katika vijito vyetu vya mlimani, ambavyo mahali pengine mtoto wa shule anavivuka kwa kuruka, kosa ni moja tu. Jiwe likigongana na jiwe, umekwisha. Nenda kidimbwi kinachofuata.

Sasa mwangalie huyo samaki wa bwawani anayetaka kutuletea yule bwana. Tangu kifaranga amelishwa chembe za chakula kwa mkono wa mtu. Kivuli kwake ni mlo, si hatari. Mapezi yake mara nyingi yamechakaa kwa kusuguana na wenzake na kuta za bwawa. Ukimtia katika kijito atavuliwa kesho yake na mtu yeyote, hata aliyesimama wima akipiga kelele. Na asipovuliwa, atamnyang'anya mahali na chakula yule mdogo aliyezaliwa pale pale. Mgeni atapigwa picha na samaki mnene, atarudi kwao akidhani ameuona mto wetu. Amedanganywa, nasi tutakuwa tumelipwa kwa kumdanganya.

Lakini hiyo si hoja yangu kuu. Hoja yangu ni kwamba samaki aliyezaliwa mtoni ni shahidi, na yule wa kumwagwa ni shahidi wa kununuliwa. Trauti hawezi kuishi katika maji ya ovyo. Anataka maji ya baridi. Joto likipanda kupita kiasi cha digrii 20 huanza kutaabika, na likikaribia 25 maisha yake yamo hatarini. Jike huchimba kishimo katika changarawe safi, akataga mayai, akayafunika kwa vijiwe vile vile. Mayai hayo hupumua kwa maji yanayopita kati ya kijiwe na kijiwe. Shamba likilimwa hadi ukingoni, mvua hushusha udongo, udongo huziba mianya, na mayai hufa kimya kimya, bila mtu kuona maiti hata moja. Kwa hiyo ukikuta trauti wadogo wa urefu wa kidole katika kijito, umesomewa ushahidi: msitu wa juu bado upo, kivuli bado kipo, wadudu wa chini ya mawe bado wapo. Usipowakuta, nao pia ni ushahidi. Kuwamwagia maji hayo samaki wakubwa ni kumpaka mgonjwa poda usoni ili jamaa waseme amepona.

Na ugonjwa wenyewe haumhusu mvuvi peke yake. Maji ya Aberdare hunywewa Nairobi. Maji ya Aberdare na Mlima Kenya huingia mto Tana na kuzungusha mitambo ya umeme, kutoka Masinga hadi Kiambere. Upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, mito inayolisha Ewaso Ng'iro hunywewa na mabomba na mifereji ya umwagiliaji huku juu, mpaka wafugaji wa chini hukuta mchanga mkavu wakati wa kiangazi. Wangari Maathai, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 2004, alikisimulia kijito cha utotoni mwake alikokuwa akijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Akasema kijito kile kimekauka. Naye alizaliwa Nyeri, kwenye mito hii hii. Je, angeambiwa kwamba dawa ya kijito kile ni kumwaga vyura?

Msomaji ataniuliza: na wewe Mwalimu, mikono yako ni safi? Si safi. Miaka ya themanini, nikitafuta karo ya watoto, nilipanda mikaratusi mia mbili kando ya kijito kinachopita chini ya shamba langu. Ilikua upesi, kama nilivyoahidiwa. Nikauza nguzo, watoto wakasoma. Guka alikuja siku moja, akasimama ukingoni, akaniambia, "Mwalimu, umepanda walevi mia mbili karibu na mtungi." Nilicheka. Alikuwa amekwisha kufa nilipotambua kwamba kidimbwi alichonifundishia kilikuwa kimebaki cha kunawia miguu. Niliing'oa mikaratusi ile, visiki na vyote, nikapanda miti ya kienyeji. Maji yamerudi kidogo, si yote. Trauti hawajarudi. Simwiti mtu mwizi wa mto bila kwanza kujitaja mwenyewe.

Wapo watakaonishambulia kutoka upande mwingine. Watasema trauti ni mvamizi, na kwamba wataalamu wa hifadhi duniani wamewaorodhesha trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua kati ya viumbe vamizi mia moja vibaya zaidi. Ni kweli, wala sitajitetea kwa kusema kwamba hata mahindi yalitoka bara la Amerika. Mahindi hayali viluwiluwi. Kijito ambacho hakijapata kuwa na trauti kiachwe hivyo hivyo, na atakayempeleka huko ashtakiwe. Lakini hoja hii inamuumiza yule bwana wa suti kuliko inavyoniumiza mimi. Kama mgeni aliyekwisha kuzaliana hapa kwa zaidi ya miaka mia anatutia shaka, ni kwa akili gani tumwongeze kwa madebe?

Wengine watauliza ni kichaa gani huyu anayevua samaki akamrudisha, majirani wakiwa na njaa. Nao nawajibu kwa heshima. Trauti wa kijito chetu aghalabu hafiki robo kilo. Hawezi kulisha nyumba. Anayetaka trauti wa kula na wa kuuza na amfuge bwawani, kwa maji anayoyarudisha mtoni yakiwa safi. Ugomvi wangu si na bwawa. Ugomvi wangu ni na kuliita bwawa mto.

Basi, ningepewa nafasi tena katika mkutano ule, ningesema hivi. Fedha za kununulia samaki wakubwa zinunue miche ya miti ya kienyeji. Ukanda wa ukingoni, ambao sheria inataka usilimwe, usilimwe, kuanzia shamba la mwenyekiti. Kila pampu ihesabiwe, na kiangazi mto uachiwe fungu lake kabla ya kugawana fungu letu. Kisha tungoje miaka kadhaa, tuhesabu vifaranga wa urefu wa kidole. Wakiwapo, wageni tuwaite. Wasipokuwapo, tusiwaite, na tujiulize tena kulikoni.

Nasikia madebe ya samaki yatafika kabla ya mvua za masika. Siku hiyo nitakuwapo ukingoni, pasipo ufito. Nitamuuliza tena yule bwana swali langu la kwanza, na safari hii sitanyosha mkono kuomba ruhusa.